Sam Ntiro: Mchoraji wa Makerere na namna ya kuhakiki kazi zake

Sam Ntiro alizaliwa mwaka 1923 katika nchi ya Wachaga, Kilimanjaro. Alisomea sanaa Makerere, Kampala, kwa Margaret Trowell, kisha Slade, London. Alifundisha Makerere, akawa balozi wa kwanza wa Tanganyika nchini Uingereza, na akafariki dunia mwaka 1993. Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa ya New York yanahifadhi mchoro wake wa mwaka 1956 wa wanaume wakimpelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku.

Anayetaka kununua mchoro wake aulize kwanza umepitia mikono ya nani: risiti, barua, orodha za maonyesho. Kisha augeuze na kuchunguza kitambaa, misumari na lebo, maana saini huigwa kwa urahisi.

Kwa Amedeo Modigliani wa Italia, wataalamu hutegemea orodha ya Ambrogio Ceroni yenye michoro 337. Hata hivyo, mwaka 2017 wachunguzi walichukua kazi 21 kutoka maonyesho yaliyobeba jina lake mjini Genoa, kwa tuhuma za kughushiwa.

Mchoro bandia humpotezea mnunuzi fedha na kupotosha historia ya msanii. Familia zenye michoro ya zamani hazina budi kutunza pia karatasi zake.