Kutoka Nchi ya Chai hadi Kisiwani: Historia ya Kuwatembelea Jamaa Mombasa

Kaplong ni mji mdogo wa njia panda katika Kaunti ya Bomet, mahali ambapo barabara itokayo Kericho kuelekea Sotik na Kisii hukutana na ile inayopanda kutoka Narok kupitia Bomet. Mji huu hujulikana zaidi kwa hospitali yake ya misheni ya Kikatoliki, kwa shule zake za sekondari na kwa mashamba ya chai yanayouzunguka, nao uko katika nyanda zilizo karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ambako mvua ya mawe ni jambo la kawaida na sweta huvaliwa hata mwezi wa Januari. Kati yake na Mombasa pana zaidi ya kilomita 700 za barabara, na hata hivyo ni nadra leo kupata ukoo wa Wakipsigis, jamii ya Kikalenjin ya sehemu hizo, usio na mtu wake pwani, awe mwanamaji, askari polisi, karani wa bandari, mwalimu au dereva wa lori, na usio na mama, mpwa au mjukuu aliyewahi kushuka kwenda kukaa kwake wiki mbili au tatu. Ziara hizo zimekuwa desturi yenye taratibu zake, ingawa umri wake si mkubwa kama unavyodhaniwa, na kuzaliwa kwake kulitegemea mambo ambayo kwa juu juu hayahusiani kabisa na starehe: nauli, kipande na chumba cha kulala.

Katika nusu ya kwanza ya karne ya ishirini, Mkipsigis aliyefika Mombasa alikuwa, kwa mujibu wa sheria, amevuka mpaka na kuingia katika nchi nyingine. Kwa mkataba wa Desemba 1895, Uingereza ilikubali kuutawala ukanda wa pwani wenye upana wa maili kumi za baharini kwa niaba ya Sultani wa Zanzibar, na kumlipa pauni 17,000 kila mwaka. Na bara ilipotangazwa kuwa Koloni ya Kenya mwaka 1920, ukanda huo ulibaki kuwa himaya, yaani eneo lililolindwa na Waingereza lakini ambalo mwenyewe alihesabiwa kuwa Sultani. Bendera yake nyekundu iliendelea kupepea juu ya Ngome ya Yesu hadi makubaliano ya Oktoba 1963 kati ya Jomo Kenyatta, Waziri Mkuu wa Kenya, na mwenzake wa Zanzibar, Mohamed Shamte, yalipoiunganisha pwani na nchi iliyokuwa karibu kupata uhuru. Mpaka huo haukuwa na lango wala forodha ya kumzuia msafiri, lakini ugeni haukuwa wa karatasi peke yake, kwa sababu lugha, dini, chakula, mavazi, namna ya kujenga nyumba na hata saa za kulala zilikuwa tofauti na zile za nyumbani.

Kizuizi cha kweli kilikuwa upande wa bara. Sheria ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ilimtaka kila mwanamume Mwafrika aliyezidi umri wa miaka 16 kubeba kipande, yaani cheti chenye alama za vidole na kumbukumbu za waajiri wake, ambacho wengi walikitundika shingoni ndani ya kikebe cha bati. Na bila kipande chenye saini ya mwajiri, kutoka katika eneo la kabila kulikuwa kukaribisha kukamatwa. Sheria hiyo, iliyodumu hadi mwaka 1947, ilimtambua Mwafrika safarini kama mfanyakazi na si kama mgeni wa ndugu yake. Reli ilikuwepo, kwani njia iliyoanzia Mombasa mwaka 1896 ilikuwa imefika Kisumu mwishoni mwa mwaka 1901 ikipitia stesheni ya Lumbwa, ambayo leo huitwa Kipkelion, nayo ndiyo iliyokuwa mlango wa Wakericho wa kutokea duniani. Lakini behewa la daraja la tatu, lenye viti vya mbao na msongamano wa siku mbili, lilikuwa chombo cha kupelekea watu kazini, na wala hapakuwa na sababu ya kumfikirisha mwanamke wa Kaplong kulipanda.

Waliokwenda pwani kupumzika zama hizo walikuwa walowezi. Familia za Kizungu zilizokuwa zimegawiwa ardhi ya Wakipsigis huko Sotik na Kericho zilikuwa na mazoea ya kushuka Mombasa na Malindi kila mwaka, zikishikilia imani, iliyoungwa mkono na madaktari wengi wa wakati huo, kwamba kukaa muda mrefu kwenye miinuko huchosha mishipa ya fahamu na kwamba dawa yake ni hewa ya bahari. Hoteli ya Nyali Beach ilifunguliwa mwaka 1946 kwa ajili ya wateja wa namna hiyo. Mpishi au yaya aliyefuatana na mabwana zake huenda alikanyaga mchanga uleule, lakini hakuukanyaga kama mgeni, na ni muhimu kuzitenganisha historia hizi mbili, kwa kuwa desturi ya ukoo haikutokana na utalii wala haikuuiga.

Kwa wanaume wengi wa Kipsigis bahari ilionekana kwanza kwa macho ya askari. Jeshi la wakoloni, lililoitwa King's African Rifles na ambalo waliolitumikia walilijua zaidi kwa jina la Keya, lilipenda kuandikisha vijana wa jamii za Kikalenjin, na wakati wa Vita Kuu ya Pili vikosi vya Afrika Mashariki vilipakiwa melini Kilindini kwenda Madagascar mwaka 1942, kisha Ceylon na Burma. Waliorejea walileta nyumbani habari za maji yasiyo na ng'ambo na za joto lisilokatika usiku, pamoja na habari za homa, jambo ambalo wazee walilichukua kwa uzito, kwa sababu malaria ilikuwa imeanza kuzuka kwa milipuko hata katika mashamba ya chai na ilijulikana kuwa watu wa baridi hawana kinga nayo. Kwa hiyo pwani ilihesabiwa kuwa mahali pa kupitia, na mwenye busara hakupeleka mtoto huko.

Kilichobadilisha mambo kilikuwa chumba. Mombasa ya miaka ya 1930 iliishi kwa vibarua, watu walioajiriwa kwa siku kupakia na kupakua meli, ambao walipanga kitanda au sehemu ya sakafu katika nyumba za Kiswahili za Majengo, zenye ukumbi wa katikati, vyumba vitatu kila upande na ua wa pamoja nyuma. Tume iliyochunguza hali ya wafanyakazi baada ya migomo ya mwaka 1939 ilikuta msongamano mkubwa na kodi zilizomeza mishahara, na mgomo mkuu wa Januari 1947, uliowahusisha karibu wafanyakazi 15,000, uliishurutisha serikali kukubali kwamba mtu anayeishi kama msafiri daima atafanya kazi kama msafiri. Ndipo sera ya kuwafanya wafanyakazi kuwa wakazi wa kudumu ilipoanza kushika: mishahara ya mwezi badala ya ujira wa siku, na nyumba za familia zilizojengwa Tudor, Tononoka na Changamwe. Lengo la serikali lilikuwa utulivu bandarini, lakini tunda moja ambalo halikuandikwa katika ripoti yoyote ni kwamba mtu mwenye mlango wake sasa aliweza kumwambia dada yake aje. Historia za kazi zimeandika mengi kuhusu mishahara na vyama vya wafanyakazi, na kidogo mno kuhusu furaha hii, ambayo kwa waliohusika haikuwa ndogo hata kidogo.

Uhuru ulileta milango zaidi. Jeshi la Wanamaji la Kenya lilizinduliwa Desemba 1964 likiwa na makao yake Mtongwe, ng'ambo ya kisiwa, na vijana wa Bomet na Kericho walioandikishwa humo walipewa nyumba ndani ya kambi. Chai yenyewe ikawafuata. Mnada wa chai, yaani soko ambamo madalali huwauzia wanunuzi wa kimataifa chai iliyokwisha kuonjwa na kupewa daraja, ulianzishwa Nairobi mwaka 1956 na kuhamishiwa Mombasa mwaka 1969, na tangu hapo chai ya viwanda vya wakulima wadogo kama Litein, Kapkoros na Mogogosiek imekuwa ikisubiri wateja katika maghala ya Shimanzi na Changamwe, ambako baadhi ya wapakiaji na makarani ni watoto wa wachumaji. Kufikia miaka ya 1970 na 1980, mabasi ya usiku yalikuwa yamelipokonya garimoshi abiria wake, na mgeni kutoka Kaplong aliyebadilisha gari Nairobi jioni aliamkia Mwembe Tayari, kituo cha mabasi cha Mombasa.

Mzigo wa safari hiyo umebadilika kidogo tu. Cha kwanza ni kibuyu cha mursik, maziwa yaliyogandishwa ndani ya kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa wa mti wa senetwet, ambayo kwa kuwa yamekwisha kuchacha hustahimili joto la njiani. Kisha unga wa wimbi, majani ya chai, na zamani kuku aliyefungwa miguu chini ya kiti. Baadhi ya vibuyu hivyo hupambwa kwa shanga na kauri, zile kombe ndogo za bahari zilizofika bara kwa mikono ya wachuuzi kabla Mkipsigis yeyote hajaiona bahari yenyewe, na inapendeza kufikiria kwamba pambo hilo huwa linarudi kwao. Basi husimama Mtito Andei usiku wa manane kwa chai, na kuanzia Mariakani sweta huanza kuvuliwa moja baada ya jingine.

Starehe zinazomngoja mgeni ni za kawaida, na katika ukawaida huo ndimo utamu wake ulimo. Asubuhi kuna mahamri na mbaazi za nazi, chakula ambacho mtu aliyezoea ugali wa wimbi hukionea shaka siku ya kwanza na kukiulizia siku ya pili. Samaki huchukua muda mrefu zaidi, kwa sababu wafugaji wa Kikalenjin hawakuwa na mazoea ya kumla, na bibi wengi wamerudi nyumbani bila kumwonja. Mchana, jua linapokuwa kali, hakuna anayedaiwa kazi, jambo ambalo kwa mama aliyechuma chai tangu alfajiri, mvua ikimnyea, ni starehe iliyo kubwa kuliko kuona bahari. Jioni ni wakati wa kutoka. Huenda ikawa ni kivuko cha Likoni, ambacho watembea kwa miguu hawakilipii nauli, hivyo mgeni huvuka na kurudi bila haja yoyote ng'ambo, ili tu kusimama sitahani na kutazama meli zikiingia Kilindini. Au barabara ya Mama Ngina, iliyokuwa Azania Drive enzi za ukoloni, ambako mihogo ya kukaanga hupasuliwa na kutiwa pilipili na ndimu chini ya mibuyu, na dafu hunywewa palepale lilipokatwa. Jumapili familia huenda Pirates, ufuo wa umma unaoitwa rasmi Jomo Kenyatta, ambako watoto wa bara huonja maji kwanza ili kuthibitisha kwamba yana chumvi kweli, kisha hukodishiwa mipira ya magurudumu ya kuelea. Picha chini ya pembe kubwa za ndovu za barabara ya Moi ilikuwa karibu ya lazima, na albamu nyingi za Bomet bado zina ukurasa wake.

Usiku watu hukaa nje. Nyumba za bara hufunga milango mapema kwa sababu ya baridi, na mazungumzo hufanyika kuzunguka moto jikoni. Mombasa mkeka hutandikwa barazani, feni ikiwa imeshindwa na joto la chumbani, na jirani Mdigo, Mkamba au Mswahili huja kumjulia hali mama wa watu. Wageni wengi walijifunza Kiswahili chao chepesi, tofauti na kile cha amri cha mashambani na polisi, katika mabaraza hayo, na urafiki uliozaliwa hapo ndio uliowaleta majirani wa pwani Bomet kwa harusi na mazishi. Wakati wa kuaga, mwenyeji humpeleka mgeni soko la Marikiti kununua iliki na karafuu, na barabara ya Biashara kununua leso, ambazo mama akifika nyumbani huzigawa jozi jozi kwa wakaza mwana wake.

Desturi hii imewahi kukatika. Mnamo Agosti 1997, wavamizi waliokishambulia kituo cha polisi cha Likoni waliwageukia watu wa bara waliokaa upande wa kusini, wakaua wengi na kuwafukuza maelfu, na kwa miezi kadhaa safari zilikwenda upande mmoja tu, zikiwa zimebeba magodoro na watoto waliotolewa shuleni. Wapo waliouza kila kitu na wasirudi kamwe. Wengine walirudi kwa sababu jirani aliyewaficha alikuwa yuleyule wa barazani, na ziara za jamaa zilianza tena polepole, zikiepuka Likoni na kuelekea zaidi Mikindani, Bombolulu na Mtwapa.

Reli mpya iliyoanza kubeba abiria kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017 imeifupisha safari na kuiondolea usiku, na wazee wasioweza tena kukaa basini saa nyingi wamenufaika nayo. Badiliko kubwa zaidi, hata hivyo, linatoka kwa wenyeji wenyewe, kwani wastaafu kadhaa wa bandari na jeshi wamejenga Kisauni na Mtwapa badala ya kurudi kwenye shamba la baba, na watoto wao, waliozaliwa kisiwani, huzungumza Kipsigis kwa lafudhi ya pwani. Wao ndio wanaopanda kwenda Kaplong mwezi wa Desemba, wakati wa jando, yaani tumdo, wakiwa wamebeba mabuyu, achari na mifuko ya iliki, wakaazimwa sweta za binamu zao mara wanaposhuka garini.