Alivaa Sare ya Mchumba Wake

Stima ilipotea huku Mlolongo jioni moja. Bando lilikuwa limebaki kidogo tu, nikalimalizia kwa filamu ya 1929. Inaitwa She Goes to War, ya Henry King, ya wakati ule Hollywood ilikuwa bado inajifunza sauti: wimbo unasikika, halafu watu wanarudi kuwa mabubu. Nakala inayozunguka leo imekatwakatwa, ni fupi kuliko ile ya kwanza.

Joan, binti wa kitajiri (Eleanor Boardman), anaenda Ufaransa kwenye vita kama mtu anayeenda harusi. Mchumba wake anapozidiwa na woga na pombe, Joan anavaa sare yake na kwenda mstari wa mbele. Sawa, anapigana. Lakini kwa jina la mwanamume.

Mimi niliacha chuo, ila mapenzi ya historia nilitoka nayo. Nikaanza kujiuliza wanawake wa kweli waliondokea wapi kwenda vitani. Jibu liko mwisho wa barabara ninayoiona dirishani, hii ya Mombasa, ambapo malori yalikuwa yakipanga foleni ya mizani mpaka mtaa ukapata jina.

Februari 1944, meli Khedive Ismail iliondoka Kilindini kwenda Colombo na watu zaidi ya 1,500. Kulikuwa na wanajeshi wa mizinga wa Afrika Mashariki, wa Rejimenti ya 301, wengi ajabu. Kulikuwa na manesi wa jeshi, wanawake wa jeshi la majini la Uingereza, na wachache wa WTS, kikosi cha wanawake cha hapa kwetu kilichotokana na FANY ya walowezi. Hakuna aliyeazima sare.

Tarehe 12, mchana, karibu na Maldives, baadhi ya abiria walikuwa wakisikiliza muziki ndani ya meli. Nyambizi ya Japani, I-27, ikaipiga kwa torpido. Meli ilizama kwa dakika mbili tatu hivi. Walikufa watu 1,297, kati yao wanawake 77. Wanawake waliopona ni 6.

Kuna sehemu hakuna filamu ya zama zile ingethubutu kuionyesha. Waliookoka walikuwa bado wanaelea, na nyambizi imejificha chini yao. Manowari za Uingereza zilizokuwa zikilinda msafara zikaitafuta kwa mabomu ya chini ya maji, palepale penye watu. Nimejaribu kumlaumu nahodha, nikashindwa. Nimejaribu kumtetea pia.

Mama zetu hawakuwa kwenye meli hiyo. Susu wangu husimulia kwamba mamake alilima peke yake miaka yote ya vita, akilisha watoto na wazee, mume akiwa jeshini. Hakupewa sare, wala hakuna aliyekuja na kamera.

Mwezi uliopita nilipanda matatu hadi town, nikaunganisha ya Ngong Road mpaka makaburi ya vita. Mnara wa Afrika Mashariki uko humo, na majina ya wanaume waliozama na Khedive Ismail yamechongwa hapo. Nilisoma mpaka macho yakauma. Mlinzi akaniuliza, "Unatafuta nani, kijana?" Nikamwambia simjui hata mmoja. Akanisogezea kiti.