Utumbo, firigisi na miguu ya kuku: namna ya kuandaa kwa usalama

Kuku akichinjwa, vidari na mapaja havikosi mnunuzi. Utumbo, vichwa, shingo na miguu huuzwa kwa mafungu, kwa bei nafuu. Jijini Dar es Salaam, katika mitaa kama Tandale na Mbagala, ndiyo mboga ya familia nyingi. Hata wewe unayechinja kuku wako kijijini, usivitupe. Ila tunasisitiza usafi, kwa sababu utumbo hubeba vijidudu kama salmonela, vinavyoleta homa na kuharisha. Mtoto mdogo akiharisha huishiwa maji mwilini haraka.

Kosa tunalolisikia mara nyingi ni kuosha utumbo kwa nje tu, kisha kuutumbukiza kwenye mafuta ya moto. Nje unakauka, ndani uchafu umebaki.

Kununua. Nenda asubuhi, uchague vya kuku waliochinjwa siku hiyo. Vyenye harufu kali au rangi ya kijani viache. Kama huna friji, pika mara ufikapo nyumbani.

Kusafisha. Kamua uchafu, pasua utumbo kwa urefu wake, sugua kwa chumvi na ndimu, kisha suuza mpaka maji yatoke meupe. Chumvi na ndimu huondoa utelezi na harufu. Kuua vijidudu ni kazi ya moto. Firigisi ipasue, uibandue ngozi ngumu ya njano iliyo ndani. Kwenye maini, toa nyongo bila kuitoboa, la sivyo mboga itakuwa chungu. Miguu ichovye kwenye maji ya moto, imenye na ukate kucha.

Kupika. Chemsha utumbo kwa chumvi, tangawizi na kitunguu saumu kwa nusu saa hivi. Firigisi na miguu huhitaji muda zaidi. Maji yakikauka, kaanga kwa kitunguu na nyanya, ule na ugali na mchicha. Maini hayahitaji kuchemshwa: yakaange mpaka ndani pasibaki wekundu. Yana madini ya chuma yanayosaidia kuongeza damu, lakini mjamzito asiyale mara kwa mara, kwani vitamini A ikizidi inaweza kumdhuru mtoto tumboni.

Kisu na ubao vioshe kwa sabuni kabla ya kukatia kachumbari. Maji ya kuoshea na mabaki yafukie shimoni. Kuku wako wakiyadonoa wanaweza kupata mdondo, nao unaweza kumaliza banda zima.