Simba Asubiri: Majarida ya Wanyama na Mtoto Mdogo wa Unguja

Wanaotuletea majarida ya wanyama kwa watoto wadogo huanza na dhana ambayo ni nadra kuhojiwa: kwamba picha ya mnyama husomeka na mtoto yeyote, popote alipozaliwa. Kwa dhana hiyo, jarida kama National Geographic Little Kids, lililoanza Marekani mwaka 2007 kwa watoto wa miaka mitatu hadi sita, linasubiri kutafsiriwa tu ili limfae mtoto wa Mwanakwerekwe, hapa Unguja, na limfae hata mdogo wake. Makala haya yanaikataa dhana hiyo. Kwa mtoto ambaye hajatimiza miaka mitatu, jarida lina thamani pale anapoweza kutoka kwenye picha akamkuta mnyama mwenyewe. Basi simba, twiga na tembo, ambao Unguja hatunao, si wa kuanzia.

Kwamba malezi ya awali yana uzito, hapana mabishano. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya 2006 iliingiza elimu ya maandalizi katika elimu ya lazima. Kabla yake, mpango wa madrasa za awali ulioanzia Mombasa mwaka 1986 ulikuwa umeshafika Zanzibar, ukitumia vifuu, mbegu na makombe kuwa vifaa vya kuchezea. Lakini skuli ya maandalizi humpokea mtoto mkubwa kidogo. Aliye chini ya hapo yuko mikononi mwa mama, bibi na dada, na huko elimu hiyo ya lazima haifiki.

Ushahidi ninaoutegemea ni utafiti wa Caren Walker, Lisa Walker na Patricia Ganea uliochapishwa mwaka 2013. Walikwenda vijijini Tanzania, kwa watoto waliokuwa karibu hawajapata kuona picha, wakawafundisha kupitia picha jina la kitu kigeni, kisha wakawaletea kitu chenyewe. Mtoto wa Marekani huweza kuhamisha jina hilo kutoka kwenye picha akiwa na mwaka na nusu hivi. Hawa wa vijijini walichelewa sana. Wapo watakaolisoma tokeo hili kama upungufu wa mtoto wa Kitanzania, na huko ni kulisoma kichwa chini miguu juu. Kilichopungua ni mazoea. Kuelewa kwamba karatasi bapa inasimamia kiumbe kinachopumua ni ufundi, na ufundi hufundishwa na mtu anayenyoosha kidole.

Nitaambiwa kwamba Mwanakwerekwe si kijiji. Kweli: picha zimejaa kwenye simu, mabango na pakiti za biskuti. Ila kuzungukwa na picha ni jambo moja, na kuonyeshwa picha ni jingine. Sioni kwa nini pakiti ya biskuti imfanyie mtoto kazi ambayo mtu mzima hakuifanya.

Hapo ndipo soko la Mwanakwerekwe linapoingia. Mama anayekwenda kununua kitoweo hupita na mtoto mbele ya pweza, ngisi, changu na kuku walio hai. Nje kuna paka wanaovizia matumbo ya samaki, na kunguru, ndege aliyeletwa visiwani mwishoni mwa karne ya 19 na asiyeonyesha dalili ya kuondoka. Mtoto akiona picha ya pweza asubuhi, kisha akamkuta pweza mezani kwa muuzaji saa nne, amepata somo ambalo ukurasa wa twiga hauwezi kumpa. Kima punju naye, anayepatikana Zanzibar peke yake, astahili kurasa zake, ila baadaye: kumfuata msituni Jozani ni safari.

Pingamizi zito linatokana na Akili and Me, katuni ya shirika la Ubongo ambayo wanyama wake huzungumza. Utafiti wa Dina Borzekowski uliofanyika Morogoro na kuchapishwa mwaka 2018 uliona kwamba watoto walioitazama walifanya vizuri zaidi katika mambo kama kuhesabu na kutambua maumbo. Sina ugomvi na tokeo hilo. Lakini kilichopimwa ni mambo kama hesabu na maumbo. Wanyama hawakuwa mtihani. Mwaka 2014 Ganea na wenzake waliona kwamba watoto waliosomewa habari za wanyama kwa lugha ya kibinadamu walielekea zaidi kuwapa wanyama halisi tabia za watu. Sungura wa ngano abaki kwenye ngano, ambako hakuna anayedai kufundisha biolojia.

Wengine watasema namfungia mtoto upeo. Mbona mtoto wa chuoni huhifadhi Surat al-Fil, sura ya tembo, kabla ya kuona tembo, na hapati madhara? Hapati, kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba kuhifadhi huko ni kumjua tembo.

Limebaki suala la gharama, ambalo kwangu ndilo linaloamua. Wachapishaji hukimbilia vibonzo kwa kuwa ni rahisi kuchapa kwa rangi chache, ilhali utafiti wa Ganea, Pickard na DeLoache wa 2008 unaonyesha kwamba watoto wa miezi 15 na 18 huhamisha jina vyema zaidi wanapoonyeshwa picha zinazofanana na kitu halisi. Fedha zikiwa chache, pasipunguzwe rangi, zipunguzwe kurasa. Kurasa nane za picha za kamera, za paka, kuku, mbuzi, punda, ng'ombe, kunguru, mjusi na pweza, kila moja na sentensi moja ya kumwelekeza mzazi mahali pa kumpeleka mtoto, zinatosha kwa toleo la kwanza.