Mmea unaotuliza huzuni huku ukidhoofisha dawa nyingine

MIONGONI mwa mimea inayotumiwa kutibu sonona, yaani huzuni nzito inayomkaa mtu kwa majuma kadhaa na kumwondolea usingizi na hamu ya kula, Hypericum perforatum ni mojawapo ya iliyochunguzwa zaidi na wanasayansi.

Asili ya mmea huu wenye maua ya manjano ni Ulaya, Asia magharibi na Afrika kaskazini. Kwenye chupa za tembe huandikwa St John's Wort, kwa kuwa huchanua karibu na Juni 24, sikukuu ya Yohana Mbatizaji.

Uchambuzi wa Cochrane wa mwaka wa 2008, uliojumuisha tafiti 29 na wagonjwa 5,489, ulionyesha kuwa mmea huo huwafaa wagonjwa kuliko tembe zisizo na dawa, na hukaribiana kwa nguvu na dawa za kawaida za sonona. Wengi wa wagonjwa hao hawakuwa wamezidiwa. Kwa sonona kali, ushahidi ni haba.

Hatari yake imo katika ini. Mmea huu huchochea ini kutengeneza kwa wingi vimeng'enya vinavyovunjavunja dawa, hivyo dawa nyingine huondoka mwilini kabla ya kumaliza kazi. Mwaka wa 2000, watafiti nchini Marekani walibaini kuwa ulipunguza kwa zaidi ya nusu kiwango cha indinavir, dawa ya kukabili virusi vya Ukimwi, katika damu. Vivyo hivyo, hudhoofisha tembe na vipandikizi vya kupanga uzazi, na warfarin inayozuia damu kuganda.

Ukichanganywa na dawa za hospitali za sonona, serotonini yaweza kuzidi mwilini, mgonjwa akatetemeka, akapandwa na homa na moyo ukamwenda mbio.

Katika Mlima Kenya na safu za Aberdare humea jamaa yake, Hypericum revolutum. Huo ni mmea tofauti, na matokeo ya tafiti hizo hayauhusu.

Anayetumia mmea huu hana budi kumfahamisha daktari, hata akiwa ameuacha, kwani athari zake kwenye ini huendelea kwa takriban majuma mawili. Naye anayejiwa na mawazo ya kujitoa uhai apelekwe hospitalini mara moja, wala asingojee mitishamba.