Viinitete vya Maabara na Banda la Mfugaji wa Ilula

Mwaka 1973, Ian Wilmut na Tim Rowson walimpata huko Cambridge ndama wa kwanza aliyetokana na kiinitete kilichogandishwa. Muongo mmoja baadaye watafiti wa ILRAD, maabara ya kimataifa ya utafiti wa magonjwa ya mifugo iliyokuwa Nairobi, walileta kutoka Gambia viinitete vilivyogandishwa vya N'Dama, ng'ombe wanaostahimili nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, wakavipandikiza kwa majike wa Boran, na ndama wakazaliwa. Viinitete vile vilikuwa vimekua tumboni mwa mama zao. Vinavyotushughulisha leo hutungwa na kukuzwa maabara kwa siku saba, navyo ni dhaifu zaidi mbele ya baridi.

Sababu inajulikana vya kutosha. Kiinitete kinachokuzwa kwenye kiowevu chenye seramu hujaza matone ya mafuta ndani ya seli zake; ukikiweka chini ya hadubini utakiona cheusi, ilhali cha tumboni kinapitisha mwanga. Mafuta yakizidi, seli huumia zaidi zinapogandishwa na kuyeyushwa. Ndiyo maana maabara nyingi zimepunguza seramu au kuiacha kabisa, zimeshusha oksijeni ya inkubeta hadi asilimia 5, na baadhi huongeza L-kanitini ili seli ziyachome mafuta yake zenyewe.

Mabishano yanaanzia kwenye kugandisha. Rall na Fahy walionyesha mwaka 1985, kwa viinitete vya panya, kwamba kiowevu kizito kikipozwa ghafla hugeuka kama kioo bila kufanya fuwele za barafu. Kwa viinitete vya maabara, njia hiyo mara nyingi huokoa vingi kuliko kugandisha polepole, na wanataaluma wengi huona shauri limekwisha. Kwa Ilula, naona ndiyo kwanza linaanza.

Ilula, mji wa wilaya ya Kilolo, Tanzania, ulio kando ya barabara kuu iendayo Zambia, unasifika kwa nyanya na vitunguu kuliko maziwa. Tuseme mfugaji ana ng'ombe wawili watatu nyuma ya nyumba, na mhimilishaji anakuja kwa pikipiki, mtungi wa naitrojeni ukiwa umefungwa nyuma. Kiinitete kilichogandishwa polepole kwa ethilini glaikoli kinamfaa: mrija wenye kiinitete unatoka kwenye nyuzi 196 chini ya sifuri, unashikwa hewani sekunde chache, unatumbukizwa kwenye maji ya vuguvugu, unapanguswa na kupakiwa kwenye bunduki ya kupandikizia. Kilichogandishwa ghafla, kwa kawaida, hutaka kupitishwa kwenye miyeyusho ya sukari hatua kwa hatua, kwa hadubini, vumbi la banda likipeperuka. Zipo mbinu za kukizimua ndani ya mrija wenyewe, nazo zinastahili kujaribiwa, ila sekunde chache za kuchelewa zinaweza kukiua.

Tunakosea kipimo. Tafiti nyingi huhesabu viinitete vilivyotanuka upya saa 24 baada ya kuyeyushwa, humo humo inkubeta. Mfugaji anahesabu ndama. Kati ya hesabu hizo mbili kuna mtungi uliopungua naitrojeni, mtamba aliyekosewa siku ya joto (ya kutaka dume), na majani makavu ya kiangazi. Ziada yote iliyopatikana maabara inaweza kupotelea bandani kwa dakika tano.

Kwa hiyo Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) na kituo cha Uyole cha Taasisi ya Utafiti wa Mifugo Tanzania (TALIRI) wangeanza na kiowevu cha kukuzia, wapate kiinitete chenye mafuta machache kinachohimili ugandishaji wa polepole. Kisha viinitete vya kundi moja vigawanywe kwa njia zote mbili, viyeyushwe na wahimilishaji wale wale wanaohudumia vijiji, mimba zipimwe kwa mkono siku ya 60, na gharama ipigwe kwa kila ndama aliyesimama na kunyonya, petroli ya pikipiki ikiwemo.