Kombora la Nani?

Asubuhi ya tarehe 6 Julai 1915, manowari mbili za Waingereza, Severn na Mersey, ziliingia mlango wa Kikunja, upande wa kaskazini wa delta ya Rufiji. Ziliundwa kwa ajili ya mito ya Brazili, na chini yake hazikuhitaji hata mita mbili za maji. Kwa sababu hiyo zilikokotwa kutoka Malta mpaka Mafia: meli kubwa zilizokuwa zikilinda baharini zisingeweza kupita humo.

Zilikuwa zikiitafuta Königsberg ya Wajerumani. Meli hiyo iliizamisha Pegasus katika bandari ya Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, kisha ikajificha ndani ya delta, upande wa Salale, katika eneo ambalo leo ni Wilaya ya Kibiti. Vyuma vya boila zake vilivyoharibika vilikuwa vimeburutwa nchi kavu mpaka Dar es Salaam kutengenezwa, kisha vikarudishwa vivyo hivyo, kwa nguvu za vibarua wa Kiafrika ambao taarifa za vita hazikuwataja majina.

Siku hiyo pande mbili zilipigana bila kuonana. Kati yao palikuwa na karibu kilomita kumi za mikoko na matope. Wajerumani walikuwa na watazamaji wao waliojificha nchi kavu. Waingereza walikuwa na ndege zilizoruka kutoka Mafia. Mtazamaji aliye angani alikuwa akiona kombora limeangukia wapi, kisha akituma chini kwa redio herufi chache za Morse: limepita, limepungua, limekwenda kushoto, limekwenda kulia. Wapiga mizinga wakipokea, wanageuza mtutu kidogo na kufyatua tena.

Mpango huo ulikuwa na kasoro moja. Severn na Mersey zilikuwa zikifyatua kwa wakati mmoja. Matope yaliporuka juu ya mikoko, mtazamaji hakuweza kujua ni kombora la nani. Alipotuma kwamba limepita, Severn ilisikia na Mersey ilisikia. Aliyekuwa amelenga vizuri angeweza kurekebisha kosa la mwenzake, na hivyo kulipoteza lengo lake mwenyewe. Yalifyatuliwa makombora zaidi ya 600. Machache yaliipata Königsberg, lakini haikuzama. Mersey ilipigwa mzinga wake wa mbele na mabaharia wake wakauawa. Jioni hazikuwa na la kufanya ila kurudi baharini.

Tarehe 11 Julai zilirudi, na safari hii na utaratibu mpya: meli moja tu ifyatue kwa wakati wake. Ilipofika zamu ya Severn, Mersey ilinyamaza. Kila herufi iliyoshuka kutoka angani ikawa na mwenyewe. Ndege ya rubani John Cull na mtazamaji wake, H. J. Arnold, ilipigwa na kuanza kushuka. Arnold aliendelea kutuma masahihisho huku wakianguka, mpaka ndege ilipotua majini na Mersey ikawaokoa. Kufikia hapo Severn ilikuwa imeshapata shabaha. Königsberg ikawaka moto, na Wajerumani wenyewe wakaimaliza kwa torpedo.

Meli zilikuwa zile zile, mizinga ile ile na alama zile zile za Morse. Kilichobadilika ni kwamba sasa ilijulikana ujumbe ni wa nani, unaanzia wapi na unaishia wapi.

Swali hilo ni la zamani katika mawasiliano. Katika Morse kimya nacho kina vipimo. Ukiwa urefu wa nukta ni kipimo kimoja, kati ya herufi na herufi unanyamaza vipimo vitatu, na kati ya neno na neno saba. Ukikosea kimya, umekosea neno. Simu za maandishi zilipoanza kuchapwa na mashine, kimya hakikutosha tena. Mwaka 1901 Donald Murray, mtu wa New Zealand, alitengeneza msimbo uliokuwa na alama za kuiendesha mashine yenyewe: moja ya kurudisha kichwa cha mashine mwanzo wa mstari, nyingine ya kushusha karatasi. Msimbo wa kompyuta uitwao ASCII, uliotoka mwaka 1963, ulizirithi zote mbili, ya kwanza ikiwa namba 13 na ya pili namba 10. Karatasi ikaondoka, alama zikabaki, na watengenezaji wakagawanyika. Unix ilichukua 10 peke yake, Macintosh za zamani 13 peke yake, na Windows zote mbili.

Ugomvi huo umefika mpaka maktaba. Pale ambapo msomaji hujiazimia kitabu mwenyewe kwenye mashine, mara nyingi mashine huongea na kompyuta ya maktaba kwa itifaki iitwayo SIP2, iliyoasisiwa na kampuni ya 3M. Ombi la kuazima huanza na 11, jibu lake huanza na 12, na kila ujumbe unapaswa kufungwa kwa alama namba 13. Kama programu inayopokea inasubiri namba 10, itasubiri mpaka muda uishe, na msomaji atabaki amesimama na kitabu mkononi. Kama mtumaji anaweka zote mbili na mpokeaji anakata kwenye 13, ile 10 inabaki nyuma na kujibandika mbele ya ujumbe unaofuata. Programu inatafuta 12 mwanzoni, haiioni, na kulikataa jibu lililo sahihi.

Mtandao hausaidii hapo. Hauleti bahasha zilizofungwa, unaleta mkondo: mara nusu ya ujumbe, mara ujumbe miwili imeshikana. Mpokeaji mwenye busara hukusanya mpaka aione 13, na 10 ikifuata anaitupa. Kisha anasoma namba ya mfuatano, ambayo SIP2 huiweka chini ya herufi AY, ili ajue jibu hili ni la ombi lipi. Mwisho huangalia hesabu ya uhakiki chini ya AZ, ili ajue kama kuna kilichoharibika njiani.

Kijana anayeandika mistari hiyo michache ya programu huiona kazi ndogo, ya kumaliza haraka ili afike kwenye mambo makubwa. Mabaharia wa Mersey walikufa siku ambayo kazi hiyo ndogo haikuwa imefanywa. Leo hakuna atakayekufa mbele ya mashine ya maktaba. Lakini kitabu kinaweza kuandikwa kwa jina la msomaji asiyekichukua, na deni likamfuata mtu ambaye hakuazima kitu, kwa sababu ile ile: jibu lilifika salama, likapokelewa na asiyehusika.